Kutu Haifichwi kwa Rangi: Mafunzo Niliyopata kwa Magari ya Samaki Mwanza

Pikapu iliyonifundisha kazi hii ilikuwa ya mama mmoja mfanyabiashara wa samaki pale Kirumba. Bodi ya nyuma ilikuwa imeliwa na kutu, na madigadi ya kushoto ilikuwa na tundu la kupitisha vidole viwili. Nilikuwa mwaka wa pili tangu nianze kushika bunduki ya rangi, katika gereji ya uani huko Nyakato, na nilijiona nimeshaiva. Nikakwangua, nikaziba kwa puti, nikapuliza praima nyekundu, nikamalizia kwa nyeupe inayong'aa. Siku alipokuja kulichukua gari lake, alilizunguka mara mbili, akasema, "Mwanangu, Mungu akubariki."

Baada ya miezi minne akarudi. Hakugomba. Aliniita tu, akaweka ukucha juu ya lengelenge moja lililoota kwenye kona ya bodi, akalibonyeza. Rangi ikabanduka kama ganda la muhogo uliochemshwa, na chini yake yakachuruzika maji ya kahawia. "Hii nilikulipa, mwanangu," akasema.

Nilisimama pale sina la kumjibu. Rangi ya juu haikuwa na ufa hata mmoja. Sasa yale maji yaliingilia wapi? Kazi ile niliirudia bila malipo, na swali lile nimekaa nalo miaka mingi, kwenye magari ya samaki, ya dagaa, ya mchanga, na pikipiki za bodaboda zisizo na hesabu. Haya ndiyo niliyoyapata.

1. Uliza gari limebeba nini kabla hujauliza lipakwe rangi gani

Ziwa Victoria ni la maji baridi, halina chumvi. Kwa hiyo gari la Mwanza lingetakiwa kuzeeka taratibu kuliko la Tanga au la Unguja, ambako upepo wa bahari wenyewe umebeba chumvi. Lakini kwetu chumvi haiji na upepo, inakuja na mzigo. Pale Mwaloni Kirumba sangara hupasuliwa, hutiwa chumvi na kukaushwa wakawa kayabo, na wanunuzi huja kuwafuata hata kutoka Kongo. Chumvi hiyo humwagika kwenye bodi, hukutana na maji ya barafu iliyoyeyuka chini ya samaki wabichi, kisha mchuzi huo huteremka kwenye kila mkunjo wa bati na kila kiungo cha chesisi. Na magari yenyewe yaliyotumika Japani, mengine yametoka mikoa ya kaskazini kama Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha theluji. Juu yanang'aa, ukilala chini kuyatazama unakuta chesisi imeshaota magamba.

Jibu la swali langu lilikuwa hilo. Rangi si kioo. Mvuke wa maji hupenya ndani yake kidogo kidogo, na chumvi iliyobaki chini huuvuta mvuke huo kama inavyoloana yenyewe kwenye kopo jikoni msimu wa mvua. Maji yakishajikusanya, rangi inanyanyuliwa kutoka ndani. Tena maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri, na kutu ni kazi ya umeme mdogo unaotembea kwenye chuma, sehemu moja ikiliwa ili nyingine ipone. Niliiziba chumvi chini ya praima, ikapata nyumba.

Siku hizi nikimaliza kukwangua gari lililobeba kayabo, nalisuuza kwa maji safi mengi, brashi mkononi, hasa kwenye vishimo. Nakausha. Kisha nalilowanisha tena kidogo, naliacha hadi asubuhi kabla ya msasa wa mwisho. Kutu nyepesi iliyotanda sawasawa kote hainitishi, msasa utaiondoa. Ila nikiona madoa meusi au ya kahawia yametokea mahali palepale, yamekolea kwenye vishimo, najua chumvi bado imo, na narudia kusuuza. Gari moja nimewahi kulisuuza mara nne.

2. Mafuta kwanza, msasa baadaye

Hili karibu kila kijana anayeanza hulikosea, kwa sababu kutu inaonekana na mafuta hayaonekani. Anachukua grinda, anaanza kukwangua. Anachofanya ni kuyasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo ya msasa, na baada ya hapo kuyatoa ni shida mara mbili.

Mafuta ya sangara ni mabaya kuliko ya injini. Sangara ana shahamu nyingi, na shahamu ile ikikaa juani juu ya bati hugeuka utando wa manjano unaonata, ambao maji matupu hayauondoi. Dawa yake ni maji ya moto, sabuni ya unga na brashi ngumu, kisha kusuuza. Hapo ndipo tina inapofuata, kwa vitambaa viwili: cha kwanza kimeloa tina, cha pili kikavu kinafuata nyuma yake papo hapo kabla tina haijakauka. Ukitumia kimoja unayahamisha mafuta tu kutoka hapa kwenda pale. Mafuta ya taa yanafaa kulainisha grisi nzito ya chesisi, lakini nayo huacha utando, kwa hiyo sabuni lazima ije baada yake.

Kipimo hakigharimu kitu. Mwagia maji safi kwenye bati uliloosha. Yakitandaa kama shuka, pamoja na sehemu za pembeni, chuma ni safi. Yakijikunja matone matone kama kwenye jani la myugwa, mafuta bado yapo. Nimewaona mafundi wenye uzoefu mkubwa kuliko wangu wakibishana kama bati limeoshwa au halijaoshwa, kumbe kikombe kimoja cha maji kingemaliza ubishi.

3. Kung'aa si usafi

Kikombe cha waya kwenye grinda kinadanganya. Ukikipitisha juu ya kutu ngumu, baada ya dakika moja unaona rangi ya chokoleti inayometa, laini chini ya kidole, na moyo unakuambia hapa pameisha. Hapajaisha. Waya umeisugua kutu mpaka ikang'ara, haukuiondoa. Chuma safi kina rangi ya kijivu angavu, na sehemu zilizoliwa utaona vishimo ambavyo chini yake navyo ni vya kijivu. Ukiona weusi ndani ya kishimo, mbegu ya kutu ijayo ni hiyo.

Utaratibu wangu: magamba manene nayagonga kwa nyundo ndogo na tindo mpaka yadondoke yenyewe. Kisha brashi ya waya, kwa ajili ya kufunua tu. Baada ya hapo diski ya msasa namba 80, halafu 120, na mwisho msasa wa mkono kwenye mikunjo ambako mashine haifiki. Praima inahitaji mahali pa kushika, na mikwaruzo ya msasa ndiyo inayoishikilia. Chuma kilichosuguliwa kikawa kama kijiko cha chai kinaitema.

Kisha nachukua bisibisi na kuchokoa bila huruma. Bisibisi ikizama, hapo hapana chuma tena, pana umbo la chuma. Mwenye gari akiwepo namwita aone kwa macho yake, kwa sababu bei inabadilika hapo hapo, na afadhali tuelewane bisibisi ikiwa bado imesimama ndani ya tundu kuliko kubishana siku ya kuchukua gari.

4. Puti si chuma

Tundu la madigadi lile nililiziba kwa puti. Puti hunyonya unyevu, na nyuma yake hapakuwa na kitu isipokuwa kutu na tope lililorushwa na tairi. Tundu hukatwa mpaka ufike kwenye bati zima, likachomelewa bati jipya, mshono ukasagwa, na takataka zote za kuchomelea zikaondolewa. Puti ni ya kusawazisha bonde dogo, tena juu ya chuma safi.

5. Tindikali ina mahali pake, na springi si mahali pake

Vijana wengi hutumia maji ya betri kuondoa kutu. Kweli yanaila kutu haraka, na kutu ikiisha yanaendelea kula chuma chenyewe, ngozi na macho. Ubaya zaidi ni kwa vyuma vilivyokazwa kama springi na boliti ngumu. Tindikali inapokula chuma hutoa haidrojeni, na sehemu ya gesi hiyo huingia ndani ya chuma na kukifanya kikatike kama kigae, bila kupinda kwanza. Springi iliyolowekwa kwenye tindikali inaweza kuonekana nzima kabisa gerejini, ikakatika njiani gari likiwa na mzigo. Kwa springi mimi ni brashi na msasa tu, hata kama itanichukua siku nzima.

Dawa za kutu zenye asidi ya fosfori ni nzuri zikitumiwa panapofaa, yaani kwenye kutu nyembamba iliyong'ang'ania ndani ya vishimo. Huigeuza ikawa utando mgumu mweusi au wa kijivu unaopokea praima. Juu ya magamba hazifanyi kitu. Zinageuza gamba la juu, na la chini linaendelea na kazi yake.

Kwa vitu vidogo, kama vishikio vya bampa, bawaba za milango, stendi za pikipiki na mabano, njia niipendayo ni umeme na magadi. Pipa la plastiki, maji, magadi ya kufulia kijiko kikubwa kwa kila lita 4. Kipande chenye kutu naking'iniza katikati kwa waya na kukiunganisha na upande hasi wa chaja ya betri ya volti 12. Upande chanya naunganisha vipande vya nondo chakavu vilivyosimama pembeni, visiguse kile cha katikati. Washa. Mapovu madogo yanaanza kupanda kutoka kwenye chuma kama soda iliyofunguliwa, maji yanageuka ya chungwa, juu linajikusanya povu la rangi ya matope. Kesho yake unakitoa kimejaa unga mweusi, unaupiga brashi ya kawaida, na chini yake unaona hadi alama za kiwandani ambazo kutu ilikuwa imezifuta. Mara ya kwanza nilikigeuzageuza kile kipande mkononi kama mtu aliyeokota pete.

Lakini shika haya. Ukibadilisha nyaya, chanya ikaenda kwenye kipande chako, kitakachoyeyuka ni hicho chako. Usitumie chuma kisichoshika kutu (stainless steel) upande wa chanya, kwa sababu kina kromiamu, na maji yatakayobaki yatakuwa sumu. Alumini usiitumbukize humo kabisa. Mapovu yale ni haidrojeni, yanawaka, kwa hiyo fanyia nje na zima chaja kabla ya kugusa nyaya. Na magadi ya mawe ya sokoni mara nyingi huwa na chumvi ya kawaida ndani yake. Suuza sana, halafu rudi kwenye somo la kwanza.

6. Chuma kilichosafishwa kisilale uchi

Bati lililotoka kwenye msasa halina ngozi. Hapa kwetu, ukiliacha usiku mmoja karibu na ziwa, asubuhi unalikuta na vumbi la chungwa. Hata alama ya vidole vyako vyenye jasho huota kutu kwa umbo la vidole vyenyewe, nimeiona kwenye boneti: vidole vitano vimejichora wazi kabisa. Kwa hiyo kazi naigawa kwa vipande ninavyoweza kusafisha na kupuliza siku hiyohiyo, na baada ya kupangusa mara ya mwisho hakuna anayegusa bila glavu.

Saa za kupuliza nazo zina adabu yake. Saa moja asubuhi bati lina umande hata kama macho hayauoni, kwa kuwa lilipoa usiku. Waliosomea rangi wanataka chuma kiwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande hutunga. Gerejini kwetu hatuna kifaa cha kupima hilo, tuna kitambaa. Pitisha kitambaa chenye unyevu kwenye bati, utaona alama ya maji. Ikikauka ndani ya dakika 15 unaweza kupuliza. Isipokauka, kunywa chai kwanza. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, zipo siku ambazo chai hiyo huwa ya kutwa nzima, na mwenye gari inabidi aambiwe ukweli asubuhi mapema.

Kompresa nayo hutengeneza maji. Hewa yetu ina unyevu, ikibanwa ndani ya tangi na kupoa, unyevu unageuka maji, na maji yale hutoka na rangi kupitia bunduki. Fungua koki ya chini ya tangi kila asubuhi na kila baada ya saa chache, uone yanavyotoka, mara nyingi yakiwa na mafuta ya kompresa yenyewe. Chujio la maji kwenye mpira si anasa.

Na kuna wadudu wa ziwani. Anayeishi Igombe au Luchelele haelezwi: wale wadogo wanaopanda kutoka majini kama moshi wa moto wa nyasi, upepo ukiwaleta nchi kavu wanajaa kwenye kila taa. Jioni moja nilitaka kumalizia mlango wa Noah chini ya balbu. Dakika chache baada ya koti la mwisho mlango ulikuwa na manyoya. Niliukwangua wote. Tangu siku hiyo, jua likianza kuteremka bunduki inasafishwa na kutundikwa, hata kama kimebaki kipande cha kiganja.

7. Kutu huanzia ukingoni na ndani

Rangi ikiwa bado mbichi hukimbia ukingo mkali. Hujivuta kuelekea sehemu pana, na pale kwenye makali hubaki nyembamba kama utando wa vitunguu. Ndiyo maana bodi ya pikapu huanza kuoza kwenye kona, kwenye mdomo wa madigadi na kwenye matundu ya boliti. Kila ukingo ninauzungusha kwa msasa usiwe mkali, kisha kabla ya kupuliza napita na brashi ya mkono kwenye kingo, mishono na vichwa vya boliti, naweka praima hapo kwanza. Baada ya hapo ndipo bunduki inapita juu ya vyote, kwa makoti mawili mepesi badala ya moja zito, kila moja likipewa muda wa kupumua.

Ndani ya chesisi na chini ya milango ni shida nyingine, bunduki haifiki. Kitu cha kwanza ni kuzibua matundu ya kutolea maji ambayo kiwanda kiliyaweka. Mara nyingi nayakuta yamezibwa na tope, au na lami nyeusi iliyopulizwa na fundi aliyenitangulia. Lami ile juu ya kutu ni kifuniko cha chungu, unyevu umo ndani unapika. Nikishasafisha na kukausha, naingiza grisi nyepesi au nta kwa mpira mrefu.

Nani alisema grisi hailindi? Meli ya MV Liemba, ile ya Kigoma, ilikuwa ya Wajerumani na jina lake lilikuwa Graf von Götzen. Julai 1916, wakijiandaa kukimbia, waliizamisha wenyewe katika Ziwa Tanganyika, lakini mafundi wake kwanza waliipaka mitambo grisi nene wakitumaini kuirudia. Waingereza waliiinua 1924. Mwaka 1927 ilianza tena safari kwa jina la Liemba. Miaka mingi chini ya maji, na mitambo ikaweza kuokolewa, kwa sababu waliopaka grisi ile walikuwa mafundi waliojua wanachokiacha.

8. Praima si koti la mvua

Wengi hupuliza praima nyekundu, pesa ikiisha gari linaendelea kufanya kazi hivyohivyo kwa miezi. Praima ya kawaida ina vinyweleo, inanyonya maji. Ukishaipuliza, funika na rangi ya juu kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Kama mwenye gari hana pesa ya kumaliza bodi nzima, mimi humshauri tufanye nusu ya bodi mpaka mwisho.

9. Anayeandaa ndiye anayekula vumbi

Katika kazi ya siku tatu, bunduki ya rangi huwa mkononi mwangu muda usiozidi saa mbili. Muda mwingine wote ni vumbi: kutu, rangi za zamani, puti, diski. Na anayekaa ndani ya vumbi hilo kwa kawaida ni kijana mdogo kuliko wote gerejini, T-shati imefungwa puani.

Wapo wanaopuliza mchanga kwa kompresa ili kung'oa kutu. Kwa kasi, hakuna kinachoushinda. Lakini mchanga wetu, wa ziwani na wa mtoni, umejaa silika, na ukipasuka hutoa vumbi laini lisiloonekana ambalo huenda chini kabisa kwenye mapafu na kuyatia makovu yasiyopona. Uingereza ilipiga marufuku mchanga wa aina hiyo kwa kazi hii kwa kanuni za mwaka 1949. Rangi za kuchanganya na hadina nazo nyingi zina kemikali inayoweza kumletea mtu pumu ya maisha, na barakoa ya kitambaa haizuii hata kidogo. Inatakiwa barakoa ya chujio la kemikali, na kwa rangi hizo hasa, hewa safi ya kuletwa kwa mpira.

Nilifanya kazi na mwenzangu mmoja kwa miaka sita. Alikuwa na mkono mzuri wa msasa kuliko mimi, bati lake ulikuwa ukilipapasa gizani hujui mshono uko wapi. Leo hawezi kupanda mlima wa Mabatini bila kusimama mara tatu. Wewe mwenye gereji unayesoma haya: kabla hujanunua bunduki ya pili, nunua barakoa za vijana wako, na uwe wa kwanza kuivaa ili wakuone.

Na yule mama wa Kirumba, pikapu yake bado inabeba samaki. Nilikutana nayo wiki mbili zilizopita karibu na Mwaloni, nikapiga magoti kutazama kona ile ya bodi. Ilikuwa na tope, magamba ya samaki na mchubuko wa jiwe. Lengelenge halikuwepo.